MBA ya Muda Wote, ya Jioni au ya Masafa: Namna ya Kuchagua Ukiwa Kigoma au Tabora

"Dada, MBA nisome ya muda wote, ya jioni au ya masafa?" Kila msimu wa udahili swali hili kuhusu MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, hunifikia. Mara kwa simu, mara kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, mara nikiwa nachagua migebuka soko la Mwanga. Anayeuliza huwa mhasibu wa halmashauri, mwalimu anayetaka kutoka darasani, afisa mikopo wa benki, au muuguzi aliyekabidhiwa wodi aiongoze. Wote wanataka nitaje neno moja niwaache waende. Neno moja sina. Nina utaratibu wa wiki tatu hivi, na mwisho wake utapata jibu linalotokana na namba zako, siyo na maisha yangu.

Nawaandikia watu wa Kigoma na Tabora. Aliyeko Dar akikosea kuchagua hupanda daladala akarudi nyumbani. Sisi wa mwisho wa reli tukikosea, kosa lina nauli na malazi juu yake.

Tuelewane kwanza maneno. Muda wote: unaacha kazi au unapewa ruhusa, unahamia chuo kilipo, unashinda darasani. Jioni na wikendi: unabaki kazini, ila unaingia darasani baada ya saa za kazi au Jumamosi. Masafa: unasoma ulipo kwa vitabu na intaneti, na unafanya mitihani kwenye kituo kilicho karibu nawe. Shahada ni ileile ya uzamili.

Kabla ya kuanza, weka hivi mezani

- Transkripti na cheti cha shahada ya kwanza. Vyuo vingi hutaka daraja la pili la chini, yaani GPA kuanzia 2.7. Kama uko chini ya hapo, uliza kwanza kama wanapokea stashahada ya uzamili au uzoefu wa kazi kama daraja la kuvukia.
- Slipu za mshahara za miezi 3 ya mwisho.
- Barua ya kuthibitishwa kazini, kama umeajiriwa.
- Daftari la shule la kurasa 40 na kalamu. Usitumie simu. Kwenye simu utajidanganya.
- Mwenzi wako, au yeyote mnayelea naye watoto, akiwa amekaa na anasikiliza.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

"Naitaka MBA ili..." Malizia. Ukiandika "ili nipandishwe cheo hapahapa nilipo", njia yako ni tofauti na ya aliyeandika "ili nitoke ualimu niingie benki". Ukishindwa kumaliza sentensi, funga daftari urudi mwakani. Sikutanii.

Hatua ya 2: Pima saa zako kwa wiki mbili

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kwa siku 14 jifanye umeshaanza masomo. Tafuta kitabu chochote kigumu, cha uhasibu au takwimu, na kila siku panga muda wa kukisoma. Usiku kabla ya kulala andika ulipanga saa ngapi na ulipata ngapi. Dakika za kukaa na kitabu huku unajibu WhatsApp usizihesabu.

Daftari langu la mwaka ule ninalo bado, jalada lina doa la mawese. Wiki ya kwanza inasomeka hivi:

Jumatatu: nilipanga saa 2, nikapata dakika 35, umeme ukakatika.
Jumanne: sifuri, mtoto ana homa.
Jumatano: saa 1 na nusu, alfajiri kabla watoto hawajaamka.
Alhamisi: sifuri, kufunga hesabu za mwezi.
Ijumaa: sifuri, msiba Ujiji.
Jumamosi: saa 3.
Jumapili: saa 2, baada ya ibada.

Jumla saa 7 na dakika 5. Na mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba nina saa 20 kwa wiki.

*Kosa la kawaida:* kuchagua wiki tulivu ya kupimia. Pima wiki ya mwisho wa mwezi, wiki ya ukaguzi, wiki ya mitihani ya shule kama ni mwalimu. Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua, pima msimu wa kukausha majani. Usipime miezi ya kupumzika.

Hatua ya 3: Gawa 1,800 kwa saa zako

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, shahada ya uzamili ni krediti zisizopungua 180, na krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hapo kuna darasa, kujisomea, kazi za kuandika, mitihani na utafiti. Ni saa 1,800, iwe unasomea Mlimani au chini ya mwembe Gungu. Masafa hayapunguzi hata saa moja.

Sasa gawa. Mwenye saa 40 kwa wiki anamaliza kwa wiki 45. Mwenye 20, wiki 90. Mwenye 12, wiki 150, karibu miaka 3. Mwenye saa 7 kama mimi wakati ule, wiki 257, karibu miaka 5. Hapo hujaweka likizo, ugonjwa wala kumsubiri msimamizi asome kazi yako.

Kila chuo kina ukomo wa miaka ya kuwa mwanafunzi wa programu. Jibu lako la kugawa likivuka ukomo huo, usijiandikishe. Kwanza tafuta saa. Kuna dada mmoja Tabora, ana duka la vipuri vya pikipiki, alipima akapata saa 6. Akamwajiri kijana wa kufungua duka asubuhi mpaka saa 5, akafika saa 15. Mshahara wa yule kijana aliuweka kwenye bajeti ya MBA, na alikuwa sahihi kabisa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya fedha, hasa ile isiyoonekana

Ada kila mtu anaiona kwenye tangazo. Andika na hivi: ada ya usajili na mitihani, kompyuta mpakato, bando la kila mwezi, nauli, chumba, utafiti wenyewe (kusafiri kuhoji watu, kuchapa dodoso), kuchapa na kujalidi tasnifu (ripoti ndefu ya utafiti wako), joho.

Kwa anayefikiria muda wote, gharama kubwa kuliko zote haimo kwenye tangazo lolote, nayo ni mshahara utakaoukosa. Mfano tu: mkononi unabakiwa na shilingi 700,000 kwa mwezi, unaacha kazi miezi 18. Hiyo ni 12,600,000, na bado hujalipa ada. Ukipewa ruhusa yenye mshahara hesabu inabadilika kabisa, ndiyo maana hatua ya 5 iko.

Kama bado unalipa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kabla hujaiona. Wa 900,000 anakatwa 135,000. Mtumishi wa umma ana jambo jingine: makato hayaruhusiwi kukuacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Ukiwa tayari una mkopo wa kiwanja na wa pikipiki, benki itakukatalia mkopo wa ada hata kama wewe mwenyewe uko tayari kufunga mkanda. Iangalie slipu leo, usingoje wiki ya mwisho ya usajili.

Hatua ya 5: Zungumza na mwajiri kabla ya kuomba chuo

Mtumishi wa umma, nenda kwa afisa utumishi ukaulize mambo matatu. Je, jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi? MBA inahesabika kuwa inahusiana na kada yako? Ruhusa ikitoka, mshahara unaendelea, na utadaiwa kutumikia muda gani ukirudi?

Ruhusa ni barua. Kauli ya mkuu wa idara pale korido, "wewe nenda tu, tutaweka sawa", siyo ruhusa. Mkuu huyo anaweza kuhamishwa kwenda Mtwara Jumatatu, na wewe uliyeko darasani Morogoro ukaandikwa mtoro kazini.

Sekta binafsi mambo ni mepesi zaidi, na magumu zaidi. Bosi anaweza kukukubalia siku hiyohiyo, au kukuuliza unataka kuhama lini. Muulize kwa upole kama kampuni inachangia ada. Wengine huchangia sehemu kwa mkataba wa kubaki miaka kadhaa.

Hatua ya 6: Futa kisichowezekana ulipo

Uko Kigoma? Futa jioni. Naomba uniamini hapa, maana nililipia somo hili.

Nilijiandikisha programu ya wikendi ya chuo kimoja cha Dar huku nafanya kazi Kigoma. Hesabu yangu ilikuwa wikendi mbili kwa mwezi: naomba ruhusa, napanda basi, nasoma, narudi. Nauli niliihesabu. Mwili sikuuhesabu. Jumatatu nilikuwa nasinzia mbele ya vocha, nikaingiza malipo yaleyale mara mbili, mkuu wangu akaniita. Muhula wa pili basi lilikatika ekseli usiku, tukakaa porini tukinunua mahindi ya kuchoma kwa watoto wa kijiji. Mtihani wa fedha ulikuwa Jumamosi saa 3 asubuhi. Saa 3 hiyo mimi nilikuwa Manyoni, napiga mswaki kwa maji ya chupa. Chuo kikasema nisubiri mwaka unaofuata na nilipie upya. Nikaacha. Baadaye nilisoma kwa masafa nikamaliza kwa miaka mitatu na nusu, na mwaka mzima wa hiyo ulikwenda kwenye tasnifu.

Ndege zipo, lakini mwenye fedha za kupanda ndege mara mbili kwa mwezi anaweza kulipia muda wote na chenji ikabaki.

Tabora hali ni tofauti kidogo. Kuna lami hadi Mwanza kupitia Nzega na Shinyanga, na Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Upande wa pili kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, na tangu 2024 ukishafika Dodoma treni ya umeme inakufikisha Dar bila kulala njiani. Kwa kijana asiye na familia, wikendi inawezekana. Mwenye watoto wadogo, rudia hatua ya 2 ukiwa umetoa Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku, uone kinachobaki.

*Kosa la kawaida:* kuona bango la chuo mjini ukadhani kila programu ya chuo hicho inafundishwa hapo. Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Kigoma, Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Tabora. Ingia mlangoni uulize: MBA inafundishwa hapa, mwaka huu, na darasa litafunguliwa hata tukiwa wanafunzi sita? Darasa lililotangazwa na darasa lililofunguliwa ni vitu viwili.

Hatua ya 7: Hakiki chuo na programu

Tovuti ya TCU ina orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na programu zilizoidhinishwa. Hakiki vyote viwili, chuo na programu yenyewe. Kwa masafa, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya 1992 mahususi kwa kazi hii, na kina vituo vya mkoa Kigoma na Tabora. Nenda kituoni ana kwa ana. Waliopo pale wanajua mitihani inafanyika wapi na mwanafunzi wa mwisho wa MBA aliyemaliza ni nani.

Ukivutiwa na chuo cha nje kinachofundisha kwa intaneti, uliza TCU kuhusu kutambuliwa kwa shahada hiyo kabla ya kutuma hata dola moja. Kwa shule za biashara tazama pia kama ina ithibati ya AMBA, AACSB au EQUIS, ambazo ni alama za kimataifa za ubora wa shule hizo. Shule inayokuahidi MBA ya miezi 4 bila mtihani inakuuzia karatasi. Rudia ile hesabu ya 1,800 utaona mwenyewe.

Hatua ya 8: Piga simu chuoni na uulize haya

Andika majibu na jina la aliyejibu. Nitalazimika kusafiri mara ngapi kwa mwaka? Mitihani nafanyia wapi? Ada inalipwa kwa mwaka au kwa somo? Ukomo wa kumaliza ni miaka mingapi? Naweza kuhamia aina nyingine ya masomo katikati?

Na swali ambalo karibu hakuna anayeuliza: msimamizi wa tasnifu anapatikana lini, na kwa kawaida anasoma sura moja kwa muda gani? Watu wengi hawaangushwi na masomo. Masomo yana ratiba na mtihani una tarehe. Tasnifu haina anayekugongea mlango. Wa muda wote humfuata msimamizi ofisini akaketi kwenye benchi mpaka atoke. Wewe wa masafa una barua pepe tu. Nawajua watu mjini hapa waliomaliza masomo yote wakakwama kwenye pendekezo la utafiti miaka miwili, na ukiwauliza hubadilisha mazungumzo.

Hatua ya 9: Amua

Saa chini ya 8 kwa wiki na huwezi kuongeza: usianze mwaka huu.

Saa 8 mpaka 15, kazi huwezi kuiacha, na lengo lako ni kupanda hapohapo ulipo: masafa.

Unataka kubadili taaluma, au umepata ruhusa yenye mshahara, au ufadhili: muda wote. Anayehama taaluma anawahitaji wanafunzi wenzake kuliko anavyohitaji vitabu, maana kazi nyingi hupatikana kupitia mtu mliyekesha mkijadili naye kazi ya kikundi. Ukiwinda ufadhili, jua kwamba baadhi hauna nafasi kabisa kwa wasiosoma muda wote. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, hulipia uzamili wa mwaka mmoja wa muda wote tu, hutaka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na hudai urudi nyumbani kwa miaka 2.

Jioni: chagua tu kama kutoka kazini hadi darasani ni ndani ya saa moja. Maana yake uwe umeshahamia Dar, Mwanza, Dodoma au Arusha, na barua ya uhamisho iko mkononi. Uhamisho ulioahidiwa usiuhesabu.

Hatua ya 10: Muhula wa kwanza chukua masomo machache

Kama chuo kinaruhusu kuchagua idadi, anza na mawili, moja la namba na moja la maelezo. Muhula huo ndio utakaokuonyesha kama daftari lako lilisema kweli. Watafute na wenzako watatu wa mji huohuo. Sisi tulikuwa wanne, tukikutana Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi tuliloazimwa, kila mmoja na chaki yake. Aliyeelewa uwiano wa fedha aliwafundisha waliobaki, mimi nikilipa kwa chapati.

Mambo yakikwama

*Umedahiliwa, mwajiri amekataa ruhusa.* Usipoteze nafasi kimya. Andika chuoni kuomba kuahirisha udahili, tunza jibu, kisha omba jina liingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka ujao.

*Fedha zimekata katikati.* Omba kuahirisha masomo rasmi, kwa barua, kabla muhula haujaanza. Anayetoweka tu, miaka yake ya ukomo inaendelea kuhesabiwa na ada inaweza kuendelea kudaiwa.

*Intaneti ni ya kusuasua.* Pakua kila kitu usiku wa manane au alfajiri, uweke kwenye flashi. Kazi ya saa 6 usiku wa siku ya mwisho itume siku mbili kabla. Betri ya sola ndogo ya kuchajia simu na kompyuta ni sehemu ya ada yako, ihesabu hivyo.

*Umefeli somo.* Uliza tarehe ya mtihani wa marudio siku hiyohiyo. Ukiwa na mawili au zaidi, muhula unaofuata usiongeze somo jipya.

*Msimamizi hajibu.* Tuma barua pepe moja kila wiki mbili, fupi, yenye swali moja na faili moja. Baada ya miezi 2 ya kimya, mwandikie mratibu wa programu ukiambatanisha tarehe zote ulizotuma. Usimlalamikie mtu kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kwa sababu msimamizi huwa na rafiki humo.

*Umehamishwa.* Umepelekwa Kibondo au Sikonge na mtihani uko mwezi ujao. Andika kuomba kubadilisha kituo cha mtihani wiki hiyohiyo ya barua ya uhamisho. Kama muda umepita, panga kusafiri kurudi kituo cha zamani siku 2 kabla ya mtihani. Wahi, usisafiri usiku wa kuamkia mtihani. Manyoni naikumbuka.